Chozi wa Bitutu na Mapanga ya Risaga

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Bitutu aliosha chupa ya ndege. Ilikuwa chupa ndogo ya soda, ya plastiki, aliyoitoboa karibu na kifuniko. Kuzunguka tundu hilo alikuwa amefunga kipande chekundu cha plastiki alichokikata kutoka kwa ndoo iliyopasuka na kukipa umbo la ua. Aliisugua chupa ndani kwa mchanga laini na maji moto, akaisuuza mpaka ikanukia maji matupu, kisha akatia maji yaliyochemshwa na sukari kidogo. Hakuweka asali wala rangi. Akapanda juu ya kigoda na kuining'iniza chupa kwenye tawi la mparachichi nyuma ya jikoni, karibu na uzio wa jirani.

Halafu alisimama kimya, simu mkononi.

Chozi hawakukawia. Hawa ni ndege wadogo wanaotosha katika kiganja cha mtoto, wenye mdomo mwembamba uliopinda kama sindano ya kushonea magunia. Chakula chao ni mbochi, yale maji matamu yaliyo ndani ya maua. Dume alikuja kwanza. Kichwa chake kilikuwa cha kijani kinachong'aa kama shaba iliyosuguliwa, na kifuani alikuwa na mshipi mwekundu. Jike lake, lenye rangi ya majivu, lilisubiri juu ya kamba ya nguo. Bitutu alizuia pumzi, akapiga picha, akapiga nyingine. Simu hiyo alipewa na dada yake Sharon, anayefanya kazi dukani mjini Kisii, baada ya kioo chake kupasuka. Kioo kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe, lakini kamera ilikuwa nzima.

Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya soko la Nyaramba, mahali ambapo mashamba ya chai na ya ndizi yanapandana juu ya kilima kama nguo zilizokunjwa. Hapo watu wengi waliona kwamba kuwapa ndege sukari ni wazimu. Mama yake, Nyangate, alisema hajawahi kuona nyumba ambayo watu wanakunywa chai isiyo na sukari huku ndege wakinywa maji ya sukari. Bitutu alimkumbusha kwamba sukari hiyo aliinunua mwenyewe kwa kuchuma majani chai. Shuleni, binamu yake Sheila alimwita Mama Ndege, na jina hilo likashika Gredi ya Saba nzima. Bitutu hakujali. Hakuwa msemaji, lakini akishasema hapana, hata baba yake alijua kwamba hapana hiyo ina mizizi.

Mwaka huo ugonjwa wa migomba uliingia kijijini.

Ulianza juu kabisa, karibu na barabara, kwa Omosa. Majani ya migomba yake yaligeuka manjano na kulegea kana kwamba yamemwagiwa maji moto. Ndizi ziliiva zikiwa bado changa, na ukizikata ndani zilikuwa na rangi ya kutu. Omosa alikata shina moja, akaona likitoa maji mazito ya manjano kama usaha. Baadaye ugonjwa ukafika kwa Okemwa. Kisha ukafika kwa Mama Persis, na hapo kijiji kizima kikashtuka, kwa sababu hapakuwa na shamba la ndizi lililotunzwa vizuri kama lake. Mama Persis alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa ndizi. Mikungu yake ndiyo wanunuzi wa sokoni waliyoiulizia kwanza.

Afisa wa kilimo, mwanamke kijana aitwaye Millicent, aliitwa kuzungumza na wakulima katika ukumbi wa kanisa. Bitutu alimfuata mama yake, akakaa nyuma. Afisa alieleza kwamba ugonjwa huo unaitwa mnyauko na hauna dawa ya kunyunyiza. Alisema mkungu ukimaliza kutoa chane zake, lile ua la zambarau linaloning'inia chini livunjwe kwa kijiti chenye panda, kwa maana nyuki na ndege hulitembelea na wanaweza kubeba ugonjwa. Akasema pia kwamba panga linalokata mgomba mgonjwa hubeba ugonjwa huo hadi mgomba mwingine, kwa hiyo kila panga lipitishwe motoni kabla ya kuingia shamba jipya.

Mama Persis alisimama na kuuliza ni ndege gani hao.

Afisa akajibu kwamba ni wale wanaonyonya maua, kama chozi.

Vichwa vyote viligeuka kumtazama Nyangate na binti yake. Kuanzia hapo hakuna aliyesikia tena habari za mapanga.

Jioni hiyohiyo Mama Persis alifika kwao. Alikataa kiti. Bitutu alimwogopa na kumpenda, kwa sababu ndiye aliyembeba kutoka zahanati siku aliyozaliwa, mvua ikinyesha, mama yake akitembea polepole nyuma.

"Nyangate, sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kuomba. Ndege wote wa kijiji hiki wananywa kwenye chupa moja ya mtoto wako, kama wagonjwa wanaokunywa kikombe kimoja. Wakitoka hapo wanakuja kwangu. Sasa niambie, mwaka huu nitavuna nini?"

Ogeto, baba yake Bitutu, alimpa pole na kumwahidi kwamba chupa itaondolewa.

"Haitaondolewa," alisema Bitutu kutoka mlangoni.

Baba yake aligeuka polepole. "Umesema nini?"

"Nimesema haitaondolewa, Baba. Si chupa iliyoleta ugonjwa."

"Umejuaje?"

Kusema kweli, Bitutu hakuwa akijua. "Sijui bado," alijibu. "Lakini hata Mama Persis hajui."

Mama yake alishika kichwa. Mama Persis alicheka kicheko kisicho na furaha, akasema kwamba mtu hubeba mtoto kwenye mvua ili mtoto akikua apate mdomo wa kumjibu. Aliondoka bila kunywa chai. Ogeto akampa binti yake amri moja tu. Jumapili risaga ingekuja shambani kwao, na siku hiyo chupa isionekane.

Risaga ni kazi ya zamu. Majirani huungana, wakalipalilia na kulipogoa shamba la huyu Jumapili hii, na la yule Jumapili nyingine. Malipo yake ni chakula cha mchana, na kurudishiwa mkono wakati wako ukifika. Kwa kuwa wengi wao ni Wasabato, Jumamosi walikuwa kanisani, na Jumapili asubuhi wakashika mapanga na majembe. Hakuna mtu kijijini aliyekumbuka risaga ikikataliwa.

Bitutu alianza kutazama. Kila alipotoka shule hakuenda kucheza. Aliketi chini ya mparachichi na kufuata kila chozi kwa macho, tangu aondoke kwenye chupa hadi atue. Wengi hawakuenda mbali. Waliruka uzio na kutua kwenye migomba ya jirani yao, Nereah.

Nereah na mumewe Okoth walitoka pande za ziwani. Okoth alikuwa fundi wa umeme, na Nereah alikuwa na cherehani sokoni. Nyuma ya nyumba waliyopanga walikuwa wamepanda migomba michache. Hakuna hata ua moja lililovunjwa pale. Maua yalining'inia yote, na chozi wameyajaa, huyu akining'inia kichwa chini, yule akimfukuza mwenziwe. Bitutu alipata picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Katika moja, dume lilikuwa limeingiza mdomo wake wote ndani ya ua la mgomba, na vumbi la njano limemshika kwenye paji.

Alipoitazama picha hiyo alishtuka. Hakumtazama ndege. Alikuwa akitazama majani nyuma yake. Yalikuwa ya kijani, yamesimama imara kama mabango.

"Anti," alimwita Nereah, aliyekuwa akianua nguo, "migomba yako haijaugua?"

"Iugue kwa nini? Njoo uione mwenyewe, nyathina." Nereah alizoea kumwita hivyo, mtoto wangu.

Bitutu alipita kwenye pengo la uzio, akagusa shina moja baada ya jingine. Yote yalikuwa mazima. Akauliza ni nani anayemkatia majani makavu.

"Nani mwingine? Ni mimi, na kisu changu cha jikoni kilichochakaa," alisema Nereah akicheka. "Risaga hawanialiki. Kwa jembe mimi ni mgeni kabisa. Wangoje siku watakayoanzisha risaga ya cherehani, hapo wataniogopa."

Bitutu hakucheka. Aliaga, akapanda kilima hadi kwa Omosa, akateremka kwa Okemwa, akapita nje ya shamba la Mama Persis bila kuingia. Kwa Okemwa hakukuwa na ua lolote lililoachwa likining'inia. Mzee huyo alikuwa ameyavunja yote zamani, hata kabla afisa hajafika, kwani aliamini kwamba ua hunyonya nguvu ya mkungu. Chozi hawakuwa na kitu cha kufuata pale. Bado migomba yake ilikuwa imekufa nusu.

Omosa, Okemwa, Mama Persis. Bitutu aliyarudia majina hayo njiani. Ndivyo risaga ilivyotembea. Na baada ya Mama Persis, zamu ilikuwa yao.

Alimkuta mama yake jikoni akimenya ndizi za mchana wa kesho, akamweleza yote bila kupumua. Nyangate aliendelea kumenya. Kisha mikono yake ikapunguza mwendo, na mwishowe ikasimama.

"Afisa alisema," Bitutu alimaliza. "Alisema mapanga yapitishwe motoni. Wote mlimsikia."

"Nilisikia."

"Basi Jumapili tuwaambie."

Mama yake aliweka kisu chini. Akamweleza kwamba alipomzaa mdogo wa Bitutu alilazwa, na majani chai yakawa yanakomaa shambani bila mchumaji. Mama Persis alileta risaga bila kuitwa. Walichuma, wakapalilia, wakamwachia hata kuni zimepasuliwa. "Mtu kama huyo anakuja kukusaidia kwa jasho lake," alisema, "nawe unamsimamisha langoni na kumwambia panga lake ni chafu. Unajua hilo ni tusi gani?"

"Ni tusi kubwa kuliko kukosa chakula?"

"Bitutu, utanyamaza."

"Sitanyamaza, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Ndizi zetu zikifa, hakuna atakayetuomba radhi."

Nyangate alirudi kwenye ndizi zake. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana tena.

Jumapili ilipokucha, Bitutu aliosha chupa kama kawaida na kuining'iniza mahali pake. Kisha akabeba matawi makavu ya mkaratusi, akayapanga katikati ya njia, penye lango, na kuyawasha. Baba yake alikuwa zizini akikamua. Moshi ulipomfikia alidhani ni moto wa kupikia risaga, naye hakuuliza.

Wa kwanza kutokea alikuwa Duncan, mtoto mkubwa wa Omosa, panga begani.

"Mama Ndege," alisema, "leo unatuchomea mahindi?"

"Leo tunachoma mapanga. Weka lako hapo."

Duncan alicheka, akatazama nyuma kuona kama watu wamesikia mzaha huo. Walikuwa wamesikia. Omosa alikuja na jembe na panga, Okemwa akamfuata, kisha kundi la wanawake wakiongozwa na Mama Persis na dada yake Loice. Walisimama mbele ya moto kama watu waliokuta daraja limevunjika. Omosa aliuliza kama mwenye nyumba ana habari kwamba mtoto wake amefunga barabara.

Bitutu alisimama nyuma ya moto, mikono ikining'inia.

"Karibuni nyote," alisema. "Majembe yapite. Mapanga hayapiti bila kupitia motoni."

"Moto utaharibu makali," alisema Omosa.

"Nitawanolea mimi mwenyewe."

"Mtoto wa jana atunolee sisi mapanga?" Omosa aliwageukia wenzake. Wachache walicheka, wengine wakatazama chini.

Wakati huo Ogeto alitoka zizini, ndoo ya maziwa mkononi. Alipoona kilichokuwa kikiendelea, uso wake ulibadilika. Alimwamuru binti yake auzime moto huo mara moja na aingie ndani.

"Baba, nichape baadaye," alisema Bitutu. "Sasa hivi siondoki."

Hakuna aliyecheka tena. Mama Persis alisogea mbele hadi moshi ukampiga usoni. Aliitazama njia, akaitazama nyumba, na macho yake yakaangukia mparachichi kule nyuma, ambako chupa yenye ua jekundu ilikuwa ikibembea.

"Kumbe hata hukuiondoa," alisema polepole. "Umeacha ndege wako, halafu ni panga langu unaloliogopa."

Bitutu alitoa simu mfukoni. Alimpa Mama Persis juu ya moto, kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa kitu.

"Ndege hao ni wa chupa yangu, Mama. Hapo wako kwenye migomba ya anti Nereah. Wako hapo mchana kutwa, kwa sababu ndiyo migomba iliyo karibu na chupa kuliko mingine yote. Kama ndege ndio wanaoua, mbona yake ni mizima? Sasa mzee Okemwa hana ua hata moja, na migomba yake inakufa." Alielekeza kidole upande wa jirani. "Kwa anti Nereah hakuna panga la mtu lililoingia. Kwa mzee Okemwa tuliingia sote, tukitoka kwa baba Omosa. Tukaenda kwako. Na leo mko hapa."

Mama Persis alitazama picha. Alizitazama zaidi ya ilivyohitajika. Omosa akaanza kusema kwamba bahati ya mtu ni bahati yake, lakini Okemwa alimkatiza. Alikuwa mzee mpole ambaye hakuwa na desturi ya kumkatiza mtu.

"Mimi nililiwaza jambo hili," alisema. "Siku ile mlipoingia kwangu na mapanga yale yale, yakiwa bado na madoa ya migomba ya Omosa, nililiwaza. Nikaona aibu kusema. Mtu atamwambiaje jirani aliyekuja kumsaidia?"

Matawi yalilia motoni. Ilionekana kama watageuka wote na kurudi nyumbani, na risaga ya kwanza kukataliwa itakuwa ya nyumba ya Ogeto.

Ndipo Nyangate alipotoka jikoni. Alikuwa na panga la nyumbani kwake, lile alilotumia yeye mwenyewe katika mashamba yote yale. Hakumtazama mtu. Aliinama, akaliweka panga katikati ya moto, akalishikilia hapo mpaka chuma kikawa cheusi, akaligeuza upande wa pili.

"Nimeanza na langu," alisema aliponyoosha mgongo. "Nalo lilikuwa chafu kama ya wengine. Sasa hakuna mgeni aliyetukanwa hapa."

Okemwa aliweka lake. Duncan akafuata bila kumtazama baba yake, na Omosa, baada ya kunung'unika kuhusu makali, naye akafuata. Wanawake walikuja mmoja mmoja, Loice akiwa wa mwisho. Mama Persis peke yake hakuinama. Alimrudishia Bitutu simu, akageuka na panga lake, akateremka njia ile ile aliyojia.

Siku hiyo kazi ilifanyika kimya. Kila mgomba uliokatwa majani ulifuatwa na safari ya kurudi kwenye moto, na hilo lilichelewesha watu mpaka jua likawa kali. Walipoketi kula, Ogeto hakusema na binti yake. Ni jioni, wageni walipokwisha kuondoka, ndipo alipomwita.

"Ulikuwa na haki," alimwambia, "na ulikuwa na kiburi. Haki yako nimeiona. Kwa kiburi chako utakata majani ya ng'ombe peke yako mpaka nitakaposema basi."

Bitutu alikubali. Alikata majani ya ng'ombe na hakulalamika, lakini pia hakusema kwamba amejuta.

Afisa Millicent alipopita tena, Nyangate alimwonyesha picha za binti yake. Afisa alizipenda sana. Alikubali kwamba katika kijiji kile mapanga ndiyo yaliyofanya kazi kubwa ya kusambaza mnyauko, na kwamba pengine ulianzia kwenye machipukizi ambayo Omosa aliyanunua mbali. Kisha akamgeukia Bitutu.

"Lakini ndege wako si malaika," alisema. "Migomba ya jirani yako imepona kwa sababu bado hakuna ndege aliyetoka kwenye ua lenye ugonjwa na kutua pale. Siku akitua, itaugua. Maua yale yavunjwe. Chupa uiache, mradi uioshe."

Bitutu alifungua mdomo ili abishe. Alitaka kusema kwamba chozi hawana hatia yoyote. Lakini hilo hakuwa ameliona kwa macho yake. Alikuwa ameliombea tu liwe kweli.

Alikwenda kwa Nereah na kijiti chenye panda, akavunja maua yote mwenyewe, moja baada ya jingine, hata lile la picha yake nzuri. Dume la chozi lilikuja likazunguka mahali ua lilipokuwa, likatua juu ya chane na kulia kwa sauti kali. Bitutu alikuwa na simu mfukoni. Hakuitoa.

Mama Persis hakuonekana kwenye risaga kwa muda. Kanisani aliwasalimia wote, na alipofika kwa Bitutu alimpa mkono bila neno. Kila mtu alijua kwamba mashina yake yaliyougua yanahitaji kukatwa chini kabisa na kufunikwa udongo, na kwamba kazi hiyo si ya mtu mmoja. Hakuna aliyejua kama atataka kusaidiwa. Nyangate alisema kwamba Mama Persis hakungoja kuitwa zamani, wala wao hawatangoja. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata walikwenda, Bitutu akiwa nyuma kabisa, kamba ya kubebea majani begani.

Walipofika langoni walisimama. Moto ulikuwa unawaka katikati ya njia, mkubwa kuliko ule wa Bitutu, na Mama Persis alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Mnatazama nini?" aliuliza. "Mapanga motoni. Langu limekwisha kupita."

Wakaweka mmoja mmoja. Zamu ya Bitutu ilipofika, Mama Persis alimzuia.

"Lako liko wapi?"

"Sikubeba, Mama. Nimekuja kubeba majani tu."

Mama Persis aliwangoja watoto wote wa kijiji waliofuata wazazi wao wakaribie, akasema kwa sauti ya kanisani.

"Siku ile niliondoka kwa Nyangate na hasira, kwa kuwa sijazoea kuzuiwa na mtoto. Nilipofika hapa nikaitazama migomba yangu, nikajua kwamba ni mimi niliyeiua, kwa panga langu na mapanga niliyoyaalika. Sote tulikuwa tumemsikia afisa. Tulinyamaza tukisema ni heshima, na heshima hiyo ikala chakula chetu. Nanyi watoto, msikie. Kumheshimu mtu si kumwacha aendelee kukosea. Ukitaka kumwambia ukweli, kwanza utafute kwa macho yako mwenyewe, kama huyu alivyoutafuta. Ukishaupata, simama nao, hata kama mbele yako ni mtu aliyekubeba kwenye mvua."

Akamgeukia Bitutu na kumpa panga lake mwenyewe, lenye weusi wa moto.

"Siku nyingine ukitaka kunifungia njia, nisalimie kwanza," alisema. "Haya, twende. Kuna mashina ya kukata."